Wanne kwa Mmoja

Baba yangu alikuwa Coastal Union damu. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walipotwaa ubingwa wa ligi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi pale Tanga, na kilichonibaki kichwani si mabao, ni maneno ya barazani yaliyofuata: fulani anatakiwa Simba, fulani kaonekana Kariakoo na viongozi wa Yanga, fulani ameshaaga kwao. Baba alisikiliza weee, kisha akasema lile neno lake: "Mkoani tunalea, Kariakoo wanaoa." Nilidhani ni habari ya mpira wetu tu. Miaka 19 baadaye nikaikuta Minnesota, Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao sikujua hata unachezwa na watu wangapi.

Nilikuwa mhudumu kwenye nyumba moja ya wazee nje kidogo ya Minneapolis, zamu ya saa nane mchana hadi saa nne na nusu usiku. Wahudumu wengi tulikuwa Waafrika: Waliberia, Wasomali, Wakenya wa kutoka Kisii, na Mtanzania mimi peke yangu. Katika wazee niliopangiwa alikuwamo mmoja wa miaka 86, fundi mstaafu wa reli, mikono inatetemeka lakini akili timamu kabisa. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi ya huko. Mimi mdomo ulikuwa mzito. Mtu wa umri wa babu yangu nimwite jina lake kavu kavu? Nikamwita Mzee. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akanyamaza kidogo, akasema basi niendelee hivyo hivyo.

Besiboli niliijua kwa kushika penseli yake. Tarehe 19 Agosti 2007, siku ya Jumapili, tuliwapeleka wazee sita uwanjani kwa basi. Ilikuwa siku 18 tu tangu daraja la barabara ya 35W lianguke mtoni karibu na uwanja na kuua watu 13, kwa hiyo dereva alizunguka sana, na ndani ya basi hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika. Uwanja wenyewe, Metrodome, ulikuwa na paa la kitambaa lililoinuliwa na hewa ya mashine. Tuliwapanga wazee kwenye nafasi za viti vya magurudumu, Mzee akanipa karatasi yenye miraba midogo midogo na kusema: "Mikono yangu haifai tena. Mimi nitasema, wewe andika."

Mpigaji akikosa mipira mitatu anatolewa, na kwenye karatasi unaandika K. Akitolewa kwa kusimama tu akiutazama mpira ukipita, K inaandikwa imegeuzwa nyuma. Ndiyo herufi niliyoiandika mchana kutwa. Anayerusha alikuwa Johan Santana wa Minnesota Twins, timu ya huko kwetu, Mvenezuela wa mkono wa kushoto, mtu si mrefu sana, hana mbwembwe. Wapigaji wa Texas Rangers walikuwa wakija wanazungusha gongo kwenye hewa, wanarudi kukaa. K, K, K. Kufikia iningi ya nane, yaani awamu ya nane kati ya tisa za mechi, nilikuwa nimeandika K kumi na saba, rekodi ya timu ya Twins. Mpira mmoja tu uliopigwa na mwenzake Michael Cuddyer mpaka majukwaani ndio uliotosha: 1-0. Wakati wa kutoka, hewa ya ndani ilitusukuma mlangoni kwa nguvu kama mtu aliyetuweka mikono mgongoni, na Mzee alicheka kwa sauti huku kofia yake imepeperuka.

Jioni ile, nilipokuwa nampaka mafuta viganjani, aliomba nimpe mpira mkuukuu uliokuwa kwenye droo. Akanionyesha siri ya Santana. Kidole gumba na cha shahada vinakutana ubavuni mwa mpira kama pete, vidole vitatu vilivyobaki vinalala juu yake. Mkono unakwenda kwa kasi ile ile ya mpira wa kasi, bega lile lile, uso ule ule, lakini mpira unatoka polepole, kama maili kumi pungufu kwa saa. Mpigaji ameshazungusha gongo, mpira haujafika. Vidole vya Mzee vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, ile pete haikutaka kufunga. Niliikamilisha kwa kukisukuma kidole cha shahada taratibu mpaka kikagusa gumba. "Hapo," akasema. "Hapo hapo."

Kisha ikaja baridi, na tetesi.

Niwaeleze kwanza, maana msomaji wa Simba na Yanga anaweza kushangaa. Kwenye besiboli ya Marekani timu hainunui mchezaji kwa ada kama tunavyozoea. Wanabadilishana: nipe huyu, chukua hawa. Na mara nyingi mchezaji haulizwi. Analala Minnesota, anaamka ni wa Boston. Santana alikuwa miongoni mwa wachache ambao mkataba uliwapa haki ya kukataa. Alibakiza mwaka mmoja, 2008, halafu angekuwa mchezaji huru na kwenda atakako bila Twins kupata mchezaji hata mmoja. Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, alikwisha kuichukua 2004 na 2006. Mabosi wa timu walikuwa wamebadilika Septemba, na mwezi Novemba mchezaji mwingine kipenzi, Torii Hunter, aliondoka kwenda Angels. Kwa hiyo kila mtu aliona: kama si kumlipa Santana fedha za kutisha, wambadilishe sasa angali na thamani.

Ukumbi wetu wa chakula ukawa baraza. Sijui kama walioijenga nyumba ile walitegemea watu wa miaka 80 wabishane namna ile. Kulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hoja yake ilikuwa fupi: alipwe. Mwenye timu ni tajiri wa benki, uwanja mpya unajengwa, fedha zipo. Akishasema hivyo alirudi kwenye supu yake. Mpishi alikuwa upande wa Yankees wa New York, na walikuwa wakitajwa: Phil Hughes na wenzake waje, Santana aende. Wengine wakasema Boston, maana magazeti yaliandika kwamba Boston wako tayari kumtoa Jon Lester au Jacoby Ellsbury, mmoja wao, si wote wawili, pamoja na chipukizi wengine.

Lakini ubishi wa kweli ulikuwa kati ya Mzee na mjukuu wake. Kijana huyu alikuja kila Jumatano baada ya kazi, theluji bado iko mabegani, anavuta kiti na kuanza kabla hajavua koti. Yeye alitaka wabadilishane, na hoja zake zilikuwa nzito. Alianza na Santana mwenyewe: mwaka 1999 alikuwa kijana asiyejulikana, Twins walimpata kwa mlango wa nyuma kabisa, hakuna aliyemgombania. Mwaka 2003 walimtoa mdakaji A.J. Pierzynski kwenda San Francisco wakapata watatu, Joe Nathan na Francisco Liriano wakiwamo. Nani leo angerudisha? Halafu akatoa karata yake kubwa. Frank Viola. Naye wa mkono wa kushoto, mchezaji bora wa fainali za 1987, Cy Young ya 1988. Tarehe 31 Julai 1989 alipelekwa New York Mets kwa wachezaji watano, na Minnesota nzima ikanung'unika. Katika wale watano walikuwamo Rick Aguilera na Kevin Tapani, na mwaka 1991 Twins ikawa bingwa.

"Babu, wewe mwenyewe ulinifundisha hilo," alisema. "Ulisema walifanya vyema kumwachia Viola."

Mzee alikubali kwamba alisema. Akajibu kwa Jack Morris. Kijana wa St. Paul, alikuja Twins mwaka ule wa 1991 mmoja tu, akarusha iningi zote kumi za mechi ya saba ya fainali, 1-0, kisha akaenda zake Toronto. "Kuna mtu amewahi kulalamika kwamba alikaa mwaka mmoja? Nipe mwaka mmoja wa Santana. Aende baadaye."

Mjukuu akasema mwaka mmoja si mpango, timu hujengwa kwa kusubiri. Hapo Mzee aliweka kijiko chini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani mkononi.

"Viola alipoondoka nilikuwa na miaka 68," alisema. "Niliweza kusubiri. Hao watoto unaowataka wataiva lini? 2011? 2012? Unaniombea nini mimi?"

Mjukuu hakujibu. Bibi mwalimu aliacha supu. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba pale mezani hawakuwa wakibishania kitu kimoja. Kijana alikuwa akihesabu thamani, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mzee alikuwa akihesabu misimu. Tangu siku ile, nikisikia mashabiki wakigombana juu ya kumwachia nyota, wawe wa besiboli au wa mpira wetu, huwa natazama kwanza nani ana umri gani, nani ameanza kushabikia jana na nani amebakiza nini. Aliye na miaka 25 anaweza kusema "tujenge timu" bila kuumia. Huo ni utajiri, na mwenye nao hajui kama anao.

Usiku ule nikiwa namvua soksi nilimwambia kwetu kuna methali: moja shika, si kumi nenda urudi. Alitaka niiseme kwa Kiswahili mara tatu. Jumatano iliyofuata akamtupia mjukuu wake, kwa matamshi yake ya Kimarekani, na kijana akaniangalia kama niliyemsaliti.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilitokea wiki hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa Desemba viongozi wa timu zote walikutana Nashville, na tetesi zikawa kila saa. Yankees wametoa siku ya mwisho. Yankees wamejitoa. Boston wameongeza mmoja. Mwenzangu mmoja, dada wa Kisii ambaye alinitangulia kazini, aliingia chumba cha mapumziko na simu mkononi: "Mdogo wangu, imeisha. Si nimesikia kwa redio ya gari? Boston wamemchukua." Hakuwa na nia mbaya. Wala mimi sikuwa nayo. Nilifikiri Mzee asije akaisikia kwa mtu asiyempenda, nikaenda moja kwa moja chumbani kwake, nikapiga magoti mbele ya kiti chake kama ninavyompa habari ya msiba mtu wa kwetu, nikamwambia Santana ameondoka.

Hakula usiku ule. Asubuhi alikataa chai, na mchana alikataa dawa mpaka nesi wa zamu alipombembeleza. Kesho yake magazeti yakaja: hakuna kilichoafikiwa, Santana bado wa Minnesota. Nilimpelekea gazeti mwenyewe. Alilisoma lote, akalikunja, akanirudishia. "Ulikuwa na uhakika?" aliniuliza. Nikasema sikuwa nao. "Basi ungesubiri," akasema, na siku mbili nzima hakuniambia kingine zaidi ya ndiyo na hapana.

Niliyaona hayo barazani kwetu tangu utotoni na sikuyaelewa. Tetesi ukiwa na wenzako ni tamu; unaichambua, unaipinga, unaongeza chumvi, inapita. Lakini kwa mtu aliye peke yake chumbani haipiti. Anabaki nayo usiku kucha, hana wa kumwambia "muongo wewe." Nimekuwa nesi sasa miaka mingi, na hadi leo, mgonjwa akiniuliza kama nimesikia lolote juu ya majibu yake, nasema ninalojua kwa macho yangu, basi.

Jumanne ya tarehe 29 Januari 2008 ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Safari hii nilisubiri. Niliikuta habari kwenye televisheni ya ukumbini, nikaenda kusimama mbele ya ile skrini nikasoma maandishi yote mara mbili, nikamuuliza bibi mwalimu kama nimeelewa sawasawa. Nimeelewa. New York Mets, timu ambayo mezani kwetu hatukuitilia maanani. Wanne kwa mmoja: Carlos Gómez, Philip Humber, Kevin Mulvey, Deolis Guerra. Hakuna Lester, hakuna Ellsbury, hakuna Hughes. Siku chache baadaye wakatangaza mkataba wake: miaka sita, dola milioni 137.5, mkubwa kuliko wa mrushaji yeyote kabla yake. Dada wa Kisii alipiga hesabu kwa mshahara wetu wa dola 11 kwa saa, ikatoka zaidi ya miaka 1,400 bila kulala.

Nilipofika chumbani Mzee alikwisha kujua. Mpira ulikuwa kwenye mapaja yake. Nilidhani atakasirika, alichosema ni kwamba kijana ana haki ya kulipwa, na Minnesota hawakuwa na mpango wa kumlipa, na kwamba wamemuuza kwa bei ya kutupa. Hilo la mwisho nakubaliana naye hadi leo. Ukichelewa sokoni mpaka wanunuzi wawili wakubwa wamekunja mikeka, unauza kwa atakayebaki. Kwetu Tanga hata muuza samaki analijua hilo.

Niliwaza sana baba yangu wiki ile. Mkoani tunalea.

Msimu ulipoanza, tarehe 31 Machi, tulikaa wote wawili mbele ya televisheni na karatasi yetu ya miraba. Mzee alikuwa amekunja uso tangu asubuhi. Kisha akaja yule Gómez, kijana wa Jamhuri ya Dominika wa miaka 22, mbio zake kama anafukuzwa na nyuki. Aliiba vituo viwili siku ile, yaani alikimbia kutoka kituo hadi kituo mrushaji akiwa bado anajishauri. Mara ya pili Mzee alijiinua kidogo kwenye kiti. "Huyu mtoto anakimbia," akasema. Baadaye akasema tena, peke yake, dirishani: "Anakimbia kweli."

Santana naye New York alikuwa vile vile. Tarehe 27 Septemba, goti lake likiwa limechanika kwa ndani, alirusha mechi nzima dhidi ya Florida Marlins bila kuruhusu pointi, timu yake ikiwa inapigania kubaki hai. Kesho yake Mets wakafungwa, wakatolewa. Siku mbili baadaye Twins walikuwa Chicago, wamelingana na White Sox kwa idadi ya ushindi baada ya mechi 162, ikabidi wacheze moja ya kuamua. Tulifungwa 1-0, kwa mpira mmoja wa Jim Thome. Mjukuu alikuwapo. Mzee aliniambia nimwandikie ile pointi moja vizuri, isisomeke vibaya. Hakuna aliyesema "kama Santana angekuwapo." Sote tulikuwa tunaiwaza, mjukuu pia, nilimwona, alikuwa akitazama sakafu.

Mzee alifariki Februari 2009, usingizini, zamu isiyo yangu. Mjukuu aliniachia penseli na karatasi zilizobaki kwenye droo. Mpira aliuchukua yeye, ni haki yake.

Wale wanne, kwa hesabu ya kijana, hawakulipa. Guerra hakuwahi kurusha mpira kwenye ligi kuu akiwa na jezi ya Twins. Mulvey alicheza mechi za kuhesabika kwa vidole. Humber aliachwa aende, na mwaka 2012 alirusha mechi kamilifu isiyo na mpigaji hata mmoja aliyefika kituo, akiwa na jezi ya White Sox. Mwaka ule ule, tarehe 1 Juni, Santana aliipatia Mets mechi yao ya kwanza katika historia ambayo wapinzani hawakupata pigo hata moja, kwa mipira 134, na baada ya msimu ule hakurusha tena kwenye ligi kuu. Lester, yule ambaye Boston walitajwa kuwa tayari kumtoa, alikuja kuwa mrushaji wa mabingwa. Mjukuu aliwahi kunikiri, tulipokutana dukani, kwamba babu yake alishinda ubishi ule. Nilimwambia sijui kama ulikuwa wa kushinda.

Lakini kuna tarehe 6 Oktoba 2009. Twins wamelingana tena na timu nyingine, safari hii Detroit Tigers, na mechi ya kuamua ilichezwa Metrodome. Nilikuwa mapumzikoni nyumbani, mwanangu amelala, karatasi ya Mzee iko mezani. Niliandika iningi tisa, zikawa 4-4. Ya kumi, 5-5. Ya kumi na moja. Karatasi ile haikuwa na miraba zaidi, nikachora mwenyewe pembeni kwa rula ya mtoto. Iningi ya kumi na mbili, Gómez alikuwa amesimama kituo cha pili. Alexi Casilla akaupiga mpira ukapita chini upande wa kulia, na yule mtoto akaondoka, akakipita kituo cha tatu bila kupunguza mwendo, mpira unarushwa kutoka nyuma yake na yeye ameshafika kituo cha mwisho, kile wanachokiita nyumbani. 6-5.

Mchezaji akirudi nyumbani, mraba wake unaujaza wote. Nilitumia penseli ya Mzee, nikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.